Karamu ya Krismasi Mahali pa Kazi: Gharama Yake na Adabu Zake



Kila mwaka, Desemba inapokaribia, mashauri ya namna moja huanza katika maofisi, viwanda, maduka na shule. Mtu mmoja huuliza, "Je, mwaka huu tutakula pamoja?" Wa pili huuliza, "Nani atalipa?" Na wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye busara kuliko wenziwe, huuliza, "Na asiyeweza kulipa atakuwaje?" Maswali haya yaonekana madogo, lakini ndani yake limo jambo kubwa, nalo ni hili: chakula anachokitoa bwana kwa watu wake wa kazi ni hisani au ni haki? Tena, akiisha kukitoa, je, amelipa deni, au amelifunika tu kwa sahani ya wali?

Ili tupate kulijibu swali hilo nataka kuwaeleza leo habari za Uingereza. Huko desturi hii imeandikwa katika vitabu vya hesabu, katika sheria na katika hadithi kwa muda wa miaka mingi, na huko ndiko ilikotoka sikukuu ya tarehe 26 Desemba, ambayo hata leo ni siku ya mapumziko Tanzania na Uganda. Jina lake kwa Kiingereza ni Boxing Day, na watu wengi hudhani kuwa ni siku ya mchezo wa ngumi. Sivyo. Maana yake tutaiona tukifika mahali pake.

Tuanze mbali kidogo. Warumi wa kale, kabla ya dini ya Kikristo kuenea, walikuwa na sikukuu iliyoitwa Saturnalia, iliyoanza tarehe 17 Desemba na kuendelea kwa siku kadhaa. Siku hizo mahakama zilifungwa, na michezo ya kamari iliyokatazwa siku nyingine iliruhusiwa. Watu walipeana mishumaa ya nta na sanamu ndogo za udongo. Wote walivaa kofia ya namna moja, ile iliyokuwa alama ya mtumwa aliyepewa uhuru. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba watumwa walikula karamu pamoja na mabwana zao, na katika nyumba nyingine mabwana ndio waliowaandalia watumwa. Lakini sikukuu ilipokwisha, mtumwa alirudi kuwa mtumwa. Sisemi kwamba Krismasi ilizaliwa na sikukuu hiyo. Wataalamu hawapatani katika neno hilo. Tunalojua ni kwamba kufikia mwaka wa 336 Wakristo wa Rumi walikuwa wakiadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba. Nimeitaja Saturnalia kwa sababu inatuonyesha kwamba tangu zamani wenye mamlaka walijua siri moja: mtu aliyeketi chini mwaka mzima, ukimkalisha kitini siku moja, huenda akastahimili siku zilizobaki. Basi karamu yaweza kuwa heshima ya kweli, na yaweza pia kuwa hila. Tuyashike yote mawili tunapoendelea.

Sasa twende katika Uingereza ya karne ya 13 na ya 14. Wakati ule watu wengi walikuwa wakulima waliokaa katika shamba la bwana mkubwa. Walimlimia siku kadhaa katika juma, wakampa sehemu ya mazao, na wakati wa Krismasi wengi walilazimika kumpelekea kuku. Kwa upande wake bwana aliwapa karamu siku ya Krismasi. Msidhani kwamba karamu hiyo ilikuwa ya kubahatisha. Iliandikwa daftarini kama vile kodi ilivyoandikwa. Katika shamba la North Curry, wilaya ya Somerset, daftari la mwaka wa 1314 laeleza haki ya mkulima mmoja siku ile: mikate miwili, pombe ya kutosha kunywa mchana, nyama ya ng'ombe na nyama ya nguruwe pamoja na haradali, mchuzi wa kuku, jibini, kuni za kupikia na za kuota moto, na mishumaa miwili ya kuwasha jioni ili watu waendelee kukaa na kunywa. Mshumaa ulikuwa saa yao: ulipokwisha, wageni walijua kwamba wakati wa kuaga umefika. Katika mashamba mengine ya wilaya ile ile mkulima alitakiwa kuja na sahani yake, kikombe chake na kitambaa chake, na hata mzigo wa kuni wa kupikia chakula chake mwenyewe.

Mkulima hakuomba karamu ile, wala hakusema "ahsante bwana" kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alikuwa ameilipia kwa jembe lake na kwa kuku wake. Bwana naye alijua kwamba akiipunguza, wazee wa shamba watasimama barazani na kusema, "Haikuwa hivi zamani za baba zetu." Jambo hili si geni kwetu. Katika vijiji vyetu vingi mtu anapowaita jirani zake waje kumlimia, huwapikia chakula au huwapa pombe. Hakuna asemaye kwamba amewapa sadaka. Na akiwaacha warudi na njaa, mwaka ujao atalima peke yake. Mkono mtupu haulambwi.

Katika karne ya 17 vita viliingia kati ya mfalme na Bunge, na watu wa dini walioshika madaraka waliiona Krismasi kuwa siku ya ulevi isiyo na amri katika Maandiko. Mwezi wa Juni mwaka wa 1647 Bunge liliifuta. Lakini hapo likatokea neno ambalo wenye amri hawakulitazamia sana. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa mafundi, yaani wanagenzi, walilalamika kwamba pamoja na sikukuu wamenyang'anywa mapumziko yao. Kwao Krismasi haikuwa ibada tu. Ilikuwa siku ambayo fundi hakuweza kuwaamrisha. Bunge likaona kwamba lalamiko lao lina haki, likawapa wanafunzi, wanagenzi na watumishi Jumanne ya pili ya kila mwezi iwe siku ya kupumzika. Hata hivyo watu hawakuridhika. Desemba ya mwaka ule ule, katika mji wa Canterbury, wakuu wa mji walipotaka maduka yafunguliwe siku ya Krismasi kama siku nyingine, ghasia kubwa ilizuka. Mfalme aliporudishwa mwaka wa 1660, amri zile zilibatilika na sikukuu ikarudi.

Hapo ndipo tunapokutana na kibubu. Wanagenzi wa London walikuwa na chombo cha udongo chenye tundu jembamba, sawasawa na kibubu ambacho watoto wetu hutunzia senti zao. Wateja wa fundi walitia fedha humo Krismasi ilipokaribia, kisha vijana wakakivunja na kugawana. Kibubu kwa Kiingereza kiliitwa boksi, na kwa kuwa kwa kawaida zawadi hizo zilitolewa siku ya pili ya Krismasi, siku hiyo ikaitwa siku ya maboksi. Basi jina la Boxing Day halina ngumi ndani yake. Lina senti za wafanya kazi.

Mtu mmoja aitwaye Samuel Pepys, mkuu katika ofisi ya manowari za mfalme, aliandika habari za kila siku katika kitabu chake. Tarehe 19 Desemba 1663 alikwenda kwa fundi wake wa viatu, akalipa deni lake lote, kisha akatia kitu katika kibubu cha vijana. Angalieni utaratibu wake: kwanza deni, halafu zawadi. Hii ndiyo adabu yenyewe. Mtu asiyelipa deni hana haki ya kujionyesha mkarimu. Lakini miaka mitano baadaye, tarehe 28 Desemba 1668, Pepys huyo huyo aliamshwa kwa ngoma na tarumbeta za watu wanaotaka zawadi, akanung'unika kwamba vibubu vya Krismasi vimemgharimu fedha nyingi.

Ndivyo mambo yanavyokwenda: kilichoanza kwa moyo huwa desturi, na desturi huwa kodi. Mwaka wa 1710 mwandishi Jonathan Swift alikuwa London. Siku ya 26 Desemba aliandika kwamba watumishi wa mkahawa anaokunywa kahawa wamepandisha kipimo cha zawadi, na kila mtu sasa hutoa shilingi tano. Naye alitoa zake kwa kuona haya. Katika majumba ya wakubwa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mgeni aliyealikwa kula alipotaka kuondoka, aliwakuta watumishi wamesimama mstari mmoja mlangoni, kila mmoja akingoja mkono wake. Katika miaka ya 1760 mfanya biashara Jonas Hanway aliandika sana kuipinga desturi hiyo. Hoja iliyo wazi ni kwamba mtumishi anapotegemea mkono wa mgeni, bwana wake huona njia ya kumlipa kidogo. Hivyo mgeni akawa ndiye mlipaji wa mshahara wa nyumba isiyo yake. Hatari hiyo haijafa. Popote mshahara unapopunguzwa kwa kisingizio cha zawadi, zawadi imekwisha kuwa udanganyifu.

Karne ya 19 ilileta viwanda na mashine za mvuke. Mashine haijui sikukuu, na mwenye kuinunua kwa fedha nyingi hapendi kuiona imelala. Siku za kupumzika zikaanza kuliwa moja moja. Benki Kuu ya Uingereza, ambayo zamani ilifunga milango yake zaidi ya siku 30 kwa mwaka kwa ajili ya sikukuu za watakatifu, ilibakiza siku 4 tu ilipofika mwaka wa 1834. Krismasi ilikuwa mojawapo. Mwaka mmoja kabla, Sheria ya Viwanda ya 1833 iliamuru kwamba watoto na vijana wa viwanda vya nguo wapewe siku nzima ya Krismasi na siku nzima ya Ijumaa Kuu, pamoja na nusu-siku nane nyingine katika mwaka. Fikirini neno hilo. Ilihitajika sheria ya Bunge ili mtoto asisimame mbele ya mashine siku ya Krismasi.

Ilikuwa katika hali hiyo Charles Dickens alipotoa hadithi yake fupi ya Krismasi, mwezi wa Desemba 1843. Dickens aliijua kazi ya mtoto si kwa kusikia. Akiwa na umri wa miaka 12, baba yake alipofungwa kwa ajili ya madeni, yeye alipelekwa katika kiwanda cha rangi ya viatu, akabandika karatasi katika vikopo kwa ujira wa shilingi sita hivi kwa juma. Katika hadithi yake kuna tajiri bahili, Scrooge, na karani wake, Bob Cratchit. Karani apata shilingi 15 kwa juma. Aomba ruhusa ya siku moja ya Krismasi, na tajiri aona uchungu kulipa ujira wa siku isiyofanyiwa kazi.

Na tupige hesabu pamoja. Fedha za Uingereza za wakati ule zilikwenda hivi: peni 12 ni shilingi moja, na shilingi 20 ni pauni moja. Karani alifanya kazi siku sita. Shilingi 15 ukizigawa kwa siku sita, wapata shilingi mbili na peni sita. Hiyo ndiyo gharama nzima ya uchungu wa Scrooge: shilingi mbili na nusu kwa mwaka. Kisha mwandishi atuonyesha bwana mwingine, mzee Fezziwig, ambaye Scrooge alijifunza kazi kwake ujanani. Usiku wa kuamkia Krismasi mzee huyo aliamuru kazi isimame, ghala lifagiliwe, taa ziwashwe, moto uongezwe. Akaja mpiga fidla. Wakaja wafanya kazi wote, na mtumishi wa kike, na mpishi, na watu wa jirani. Mzee na mkewe wakacheza pamoja nao, kisha wakasimama mlangoni na kumpa kila mmoja mkono wakati wa kuaga. Karamu ile, twaambiwa, iligharimu pauni tatu au nne tu. Pauni tatu ni shilingi 60, na pauni nne ni shilingi 80. Ukipima kwa mshahara wa Cratchit, ni ujira wa karani mmoja wa majuma manne hadi matano na siku mbili.

Je, ni nyingi au kidogo? Kwa bwana mwenye ghala ni kidogo. Na fundisho la hadithi liko hapo: bwana ana uwezo wa kuifanya kazi iwe nyepesi au nzito kwa maneno yake na kwa uso wake, na vitu hivyo havinunuliwi kwa pauni. Lakini naomba msiliache fundisho hilo nusu. Scrooge alipogeuka moyo hakuishia kumpelekea karani wake bata mzinga. Alimwongeza mshahara. Laiti angempa bata mzinga na kumwacha katika shilingi zake 15, jamaa ile ingeshiba siku moja na kuona njaa siku nyingine zote.

Tena tusifikiri kwamba maskini wa Uingereza walikaa wakingoja mabwana wema. Walijitegemea. Katika miji ile wafanya kazi waliunda vyama vya kununulia bata bukini. Kila juma mtu alitoa peni chache kwa mwenye kilabu cha pombe, na Krismasi ilipofika alipata bata wake, na pengine chupa ya kinywaji. Ni mfano wa ile michezo ya upatu tuijuayo sisi. Ubaya wake nao tunaujua. Mtu mmoja alishika fedha za wengi, na palikuwa na washika fedha waliotoroka kabla ya siku ya kugawa. Tena, kwa kuwa chama kilikaa kilabuni, peni nyingine zilinywewa hapo hapo kabla hazijafika kwa bata. Fedha ya watu wengi isikae katika mfuko wa mtu mmoja bila daftari na bila shahidi.

Mwaka wa 1871 Bunge lilipitisha sheria ya sikukuu za mabenki, iliyoletwa na Sir John Lubbock. Kwa sheria hiyo siku ya pili ya Krismasi ilitambuliwa kuwa siku ya mapumziko katika Uingereza. Kibubu cha wanagenzi kikawa sheria ya nchi, na baadaye kikapanda meli na kufika Afrika ya Mashariki. Hata hivyo sheria ile haikumlazimisha bwana kulipa ujira wa siku hiyo. Wafanya kazi wengi walipumzika kwa hasara yao wenyewe. Sheria ya likizo zenye malipo ilikuja mwaka wa 1938 tu. Katika Scotland, ambako kanisa halikuipenda Krismasi tangu zamani, tarehe 25 Desemba haikuwa sikukuu ya umma mpaka mwaka wa 1958.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kilipimwa. Nyama ya nguruwe, siagi na sukari vilianza kugawiwa kwa kadi mwezi wa Januari 1940, na upimaji haukwisha kabisa mpaka Julai 1954. Mwaka wa 1942 Serikali iliamuru kwamba chakula cha mkahawani kisizidi bei ya shilingi tano, ili mwenye fedha asile vita vyote peke yake. Viwanda vikubwa navyo vilitakiwa kuwa na vyumba vya kulia chakula. Watu wengi walijifunza wakati huo kwamba tajiri na fundi waweza kula sahani moja na mbingu zisianguke. Uhaba wenyewe ulikuwa mwalimu wa usawa.

Siku hizi karamu ya Krismasi kazini imekuwa jambo la kawaida Uingereza, hata wakusanya kodi wameiwekea kipimo. Tangu mwaka wa 2003 tajiri aweza kutumia hadi pauni 150 kwa kila mtu kwa mwaka katika sherehe za namna hiyo, na mfanya kazi hatozwi kodi kwa ajili yake. Lakini yako masharti. Sherehe iwe ya kila mwaka, na iwe wazi kwa wafanya kazi wote, si kwa wakubwa peke yao. Na kipimo hicho si cha huruma: gharama ikifika pauni 151 kwa kila mtu, hutozwi kodi ya ile pauni moja iliyozidi, bali ya zote 151. Jumla hiyo hukusanya chakula, vinywaji, usafiri na malazi, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Nani angefikiri kwamba mkusanya kodi angeweza kufundisha adabu? Lakini amefundisha mambo mawili mema: usiwabague watu, na hesabu kabla ya kutumia.

Mahakama nazo zimefundisha. Mwezi wa Desemba 2011 kampuni moja ya mji wa Northampton ilifanya karamu ya Krismasi. Karamu ilipokwisha, baadhi yao walikwenda hotelini kuendelea kunywa kwa gharama ya kampuni. Usiku wa manane mazungumzo yakageuka kuwa ya kazi, mkuu wa kampuni akakasirika, akampiga mfanya kazi wake ngumi. Mtu yule alianguka, akaumia ubongo. Mahakama ya Rufani ilihukumu mwaka wa 2018 kwamba kampuni yenyewe ina lawama, kwa sababu mkuu yule alikuwa akijionyesha na kuamrisha kama mkuu wa kazi, ijapokuwa saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Basi bwana asiseme, "Nilikuwa katika karamu, si kazini." Cheo hakivuliwi mlangoni pamoja na koti.

Tena, Desemba ya 2020, wakati wa maradhi ya Korona, watu wa Uingereza walikatazwa kukusanyika, na wengi hawakuweza kuwaona hata wazee wao waliokuwa wakifa. Ikaja kujulikana baadaye kwamba katika ofisi za Serikali yenyewe, London, watu walikuwa wamekusanyika na kunywa, nyakati za Krismasi na nyakati nyingine. Polisi walichunguza, wakatoa faini 126 kwa watu 83. Chuki iliyotokea haikuwa kwa ajili ya bei ya vinywaji. Ilikuwa kwa sababu waliotunga amri walikula, na waliozitii walifunga.

Sasa tukusanye tuliyoyaona, tuyafanye kuwa msaada kwa mtu aliyepewa kazi ya kuandaa karamu, iwe katika ofisi ya mjini, katika ghala la chama cha ushirika, au shuleni.

Neno la kwanza ni la deni. Lipa mishahara kabla ya kununua mchele wa pilau. Hakuna ngoma inayoweza kuzuia tumbo la mtoto wa mfanya kazi lisilie.

Neno la pili ni la mchango. Kama tajiri halipi yote, na watu wachangie, basi kila mtu na achange kwa kadiri ya mshahara wake, wala orodha ya majina na fedha isibandikwe ukutani. Mfagiaji akitozwa sawasawa na meneja, hiyo si karamu ya wote. Ni kodi ya kichwa. Swift alitoa kwa kuona haya, na mchango uliotolewa kwa haya hauna baraka.

Neno la tatu ni la hesabu. Fedha zishikwe na watu wawili, ziandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wote baada ya sherehe. Kilichobaki kirudishwe, hata kama ni kidogo.

Neno la nne ni la kualika. Alika wote: mlinzi wa usiku, dereva, mtumishi wa chai. Kama mlinzi hawezi kuacha lango, chakula chake kitengwe kwanza, kisiwe makombo. Na kwa kuwa kazini hukutana watu wa dini mbalimbali, asilazimishwe mtu kuhudhuria, wala asiulizwe kwa nini hakuja. Mchinjaji awe yule ambaye Mwislamu na Mkristo wote wataila nyama yake bila wasiwasi. Asiyekunywa pombe asifanyiwe mzaha, na kinywaji chake kiwe kizuri kama cha wenzake. Waislamu wana mkono wa Idi, Wakristo wana zawadi za Krismasi. Jirani wakijuana, nyumba zote mbili hupata sikukuu mbili.

Neno la tano ni la mwenendo wa mkubwa. Na aje mapema, awasalimu watu mmoja mmoja kwa majina yao, aseme maneno machache, ale pamoja nao, kisha aondoke kabla ya watu kuchoka kujizuia. Asifungue mazungumzo ya vyeo wala ya makosa ya kazi. Na mdogo naye asidhani kwamba usiku ule umefuta adabu yote. Heshima si utumwa, na kesho asubuhi macho yatakutana tena.

Wasikilizaji, nilianza kwa kuuliza kama karamu ya kazini ni hisani au ni haki. Mkulima wa North Curry angejibu kwamba ni haki, naye alikuwa na daftari la kumshuhudia. Mzee Fezziwig angejibu kwamba ni furaha, wala asingeingia katika hoja. Nadhani jibu ni kwamba ujira ni haki, na karamu ni hisani. Na hisani haionekani uzuri wake mpaka haki iwe imekwisha kutimizwa. Yule fundi wa viatu alilipwa deni lake lote kwanza, ndipo fedha zikasikika zikianguka katika kibubu cha vijana wake. Anayefuata utaratibu huo hatakosea sana, hata kama chakula chake ni ugali na maharagwe.